Waya Ulalao Chini

Mwanafunzi mpenzi, bila shaka umewahi kusikiliza redio wakati wa jioni, mvua ikiwa karibu kunyesha. Msemaji anaanza kutamka neno, na kabla hajalimaliza panatokea mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Neno limepotea. Watu wengi wasikiapo mlio huo hudhani kwamba redio imeharibika, au kwamba mawe yake yamekwisha nguvu. Aghalabu redio ni nzima na mawe ni mapya. Kilichoharibu neno ni makelele yaliyoingia kwa mlango uleule ulioingiza sauti ya msemaji, yaani antena.

Katika somo hili nitakueleza makelele hayo hutoka wapi. Nitakueleza pia jinsi waya mmoja uliolazwa juu ya ardhi ulivyotusaidia kuyapunguza katika wilaya ya Ngara, mwishoni mwa mwaka 1994. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na kulikosa neno moja la redio kuliweza kuwa na maana ya kumkosa ndugu.

Kwanza tuyajue makelele yenyewe. Umeme wa radi unapopiga, hutoa mwanga tuuonao na ngurumo tuisikiayo. Hutoa pia kitu cha tatu, ambacho macho na masikio yetu hayakitambui. Kitu hicho ni mawimbi ya redio. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo huweza kufika mamia na hata maelfu ya kilomita. Duniani kote radi hupiga zaidi ya mara 40 kila sekunde. Kwa hiyo redio yako husikia radi hata siku ambayo mbingu ya kijijini kwenu ni nyeupe.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunakaa katikati ya majirani wawili wenye radi nyingi. Upande wa magharibi, kilomita zipatazo 200 kutoka Ngara, iko milima ya mashariki ya Kongo. Wataalamu waliozihesabu radi kwa chombo kilichowekwa katika setilaiti walitoa orodha yao mwaka 2016. Katika orodha hiyo Kabare, iliyo katika milima hiyo, ilikuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Upande wa mashariki liko Ziwa Viktoria. Mchana radi hupiga zaidi katika nchi kavu, na usiku hukusanyika juu ya ziwa. Basi, mtu wa kwetu afunguapo redio jioni husikia radi za magharibi, na aamkapo usiku wa manane husikia radi za mashariki.

Yako pia makelele yatokanayo na kazi za binadamu. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche, na kila cheche ni radi ndogo sana. Jenereta, swichi mbovu na nyaya za umeme zilizolegea hutoa makelele vilevile. Siku hizi wameongezeka wageni wengine, kama vile vifaa vya kuchajia simu, baadhi ya taa ndogo za umeme, na vidhibiti vya umeme wa jua visivyotengenezwa vizuri. Watu wa zamani hawakuwa na vitu hivi, lakini sisi tunavyo karibu kila nyumba.

Sasa nitakueleza yaliyotokea kwetu. Mwezi Aprili mwaka 1994 yalianza mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya ya Ngara. Walipokewa katika kambi ya Benaco, na baadaye kambi nyingine zikafunguliwa. Mahali palipokuwa na nyasi na migomba michache pakawa na mji wa mahema. Katika msukosuko huo watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na wake na waume zao. Mama aliweza kuwa Ngara na mwanawe akawa ng'ambo ya pili, katika nchi iliyoitwa Zaire, ambayo tangu mwaka 1997 inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mwaka huohuo BBC ya Uingereza ilianzisha matangazo katika lugha ya Kinyarwanda na Kirundi, yakaitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha familia. Katika matangazo hayo yalisomwa majina ya watu waliotafutwa na ya watu waliowatafuta. Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, ni jamaa wa karibu wa lugha hizo, hivyo hata sisi tuliyaelewa. Yalikuja kwa mawimbi mafupi, ambayo ndiyo yawezayo kusafiri mbali sana.

Fikiri, mwanafunzi, maana ya orodha ya majina. Habari ya kawaida ikikatika, unaweza kukisia neno lililopotea kwa kuyatazama maneno yaliyobaki. Jina halikisiwi. Likipasuliwa na radi katikati, limekwenda, na msomaji amekwisha kufika jina la pili.

Jioni watu walikuwa wakija kwenye nyumba yangu, kwa kuwa nilikuwa na redio yenye mawimbi mafupi. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja aliyechukua kipande cha karatasi. Juu yake aliandika jina la mwanawe, la baba wa mtoto na la kilima walikotoka. Aliketi karibu na redio kuliko watu wote, karatasi mkononi, wala hakusema neno mpaka matangazo yaishe. Makelele yalikuwa mengi mno. Ulikuwa msimu wa mvua, radi za Kongo zilipiga kila jioni, na kambini jenereta zilinguruma tangu jua kuchwa.

Tulifanya kama wafanyavyo watu wengi. Tulikata mti mrefu wa mkaratusi, tukaufunga waya kileleni, tukausimamisha. Sauti ya msemaji ikawa kubwa, na makelele yakawa makubwa zaidi. Jina moja lilisikika na mawili yakapotea.

Alikuwako wakati ule mzee mmoja kutoka Biharamulo, ambaye alikuja kufungua meza ya kutengeneza redio katika soko la karibu. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 alikuwa jeshini, akiendesha redio ya upepo. Alipita kwetu jioni moja, akautazama mlingoti wetu, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, ukitaka kumsikia mtu anayenong'ona sokoni, utapanda juu ya meza, au utamwondoa sokoni?"

"Nitamwondoa sokoni, Mzee," nikajibu.

"Basi antena yenu mmeipandisha juu ya meza. Sasa inawasikia wapiga kelele wote vizuri zaidi."

Siku ya pili alikuja na waya mwembamba wa shaba uliovikwa mpira, na kikinzani kimoja alichokitoa katika redio mbovu. Kikinzani ni kifaa kidogo kinachozuia umeme usipite kwa wepesi. Tulichagua mgongo wa kilima penye changarawe, mbali na jenereta. Tukaulaza waya juu ya ardhi, urefu wa hatua sitini, umenyooka. Ncha ya mbali tuliifunga kwenye kikinzani, na kikinzani tukakifunga kwenye kipande cha chuma kilichopigiliwa ardhini. Ncha ya karibu tuliifunga kwenye antena ya redio, ambayo tuliikunja ili isisimame. Redio ilitumia mawe, haikuunganishwa na umeme wowote.

Mzee hakutaka tumsadiki kwa maneno tu. Alisema waya una uso na kisogo, nasi tutafute wenyewe ni wapi uso wake uelekee. Kwa siku nne tuliulaza kuelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, siku moja kwa kila upande. Kila jioni wanafunzi wangu wawili waliandika katika daftari jinsi sauti na makelele yalivyosikika, wakitoa alama tangu 0 hadi 5. Waya ulipoelekezwa kaskazini, alama za makelele zilikuwa ndogo kuliko za siku nyingine, na sauti ilibaki ya kutosha. Tulipotazama mahali tulipo tuliona sababu yake. Jenereta za kambi zilikuwa kusini, yaani nyuma ya waya, na radi za Kongo zilikuwa magharibi, yaani ubavuni. Hata hivyo, radi za siku moja huweza kuzidi za siku nyingine. Kwa hiyo tuliirudia safari ya pande nne mara ya pili kabla ya kukata shauri, na jibu likawa lilelile.

Jambo la kwanza lililowashangaza watu ni kwamba sauti ya msemaji ilipungua. Mtu mmoja akasema, "Mmeiharibu." Nikazungusha kitufe cha kuongeza sauti. Msemaji akasikika kama mtu aliye chumba cha pili, na nyuma yake palikuwa karibu kimya. Radi ilipasua mara mojamoja, lakini kati ya radi na radi majina yalikuja mazima.

Pengine unauliza, yawezekanaje antena inayopokea kidogo isikike vizuri zaidi? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mlingoti hupokea sauti ya nguvu 12 na makelele ya nguvu 8. Sauti imeyazidi makelele mara moja na nusu tu. Tuseme waya wa chini hupokea sauti ya nguvu 4 na makelele ya nguvu 1. Hapo sauti imeyazidi makelele mara nne. Sasa ongeza sauti ya redio mara 3. Msemaji atakuwa 12, sawa na alivyokuwa kwenye mlingoti, lakini makelele yatakuwa 3 badala ya 8. Redio inaweza kukuza kila kiingiacho, ila haiwezi kuyachambua mawimbi kama mtu achambuavyo mchele. Kazi ya kuchambua hufanywa na antena.

Antena ya chini huchambua namna gani? Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni namna mawimbi yanavyotikisika. Makelele ya jenereta ya jirani hutambaa juu ya ardhi, na nguvu yake hutikisika kwenda juu na chini, mfano wa kamba inayotikiswa na watoto wanaoruka. Antena iliyosimama huyapokea kwa wepesi kwa sababu nayo imesimama. Waya uliolala huyapokea kwa shida, hasa yakitoka ubavuni. Mawimbi mafupi yatokayo mbali hayaji kwa njia hiyo. Hayo hupanda angani, yakagonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme, liitwalo ayonosifia, lililo kati ya kilomita 100 na 400 hivi juu yetu. Kutoka huko hurudi chini kwa mshazari, nayo huupata waya ulipolala.

Sababu ya pili ni uso na kisogo alivyovitaja Mzee. Umewahi kumwona mtu akivuka tope? Miguu yake hukawia, na kiwiliwili huinama mbele. Wimbi la redio lipitapo juu ya ardhi kavu yenye mawe hufanya vivyo hivyo. Sehemu yake ya chini hukokotwa na ardhi, wimbi likainama mbele. Kwa kuinama huko husukuma umeme mdogo ndani ya waya, na umeme huo huongezeka hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye redio. Wimbi litokalo nyuma husukuma umeme wake kuelekea ncha ya mbali. Huko kikinzani huumeza, ukageuka kuwa joto dogo, usirudi tena. Ndiyo maana ardhi ya changarawe ilitufaa kuliko bonde lenye maji.

Elimu hii haikuanza Ngara wala jeshini. Mhandisi wa Marekani aliyeitwa Harold Beverage alipewa hataza ya waya wa namna hiyo mwaka 1921, na hata leo waya mrefu wa chini huitwa kwa jina lake. Desemba ya mwaka huohuo Mmarekani mwingine, Paul Godley, alitumwa na chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani aende mji wa Ardrossan, katika pwani ya Scotland. Wanaredio wa ridhaa ni watu wanaojenga na kuendesha redio kwa kupenda elimu, bila kulipwa. Godley aliketi hemani katika baridi na mvua. Waya wake ulikuwa na urefu wa mamia ya mita, umetandazwa juu ya nguzo fupi. Kwa waya huo alisikia vituo vidogo vya wenzake waliokuwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, ambavyo watu wengi walidhani haviwezi kusikika mbali hivyo.

Hata leo wanaredio wa ridhaa hutumia waya wa chini kwa kusikilizia. Kila nchi ina alama yake. Vituo vya Tanzania huanza na 5H, vya Rwanda 9X na vya Burundi 9U. Nchi hizo tatu ndizo zinazokutana kwetu Ngara. Mtu atakaye kutangaza kwa redio hiyo sharti apate kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mtu huyo hutangaza kwa antena iliyoinuliwa, akasikiliza kwa waya wa chini. Hawezi kutangaza vema kwa waya wa chini, kwa kuwa nguvu zake nyingi zitanyonywa na udongo.

Tukumbuke pia kwamba waya wa chini si dawa ya kila redio. Matangazo ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, nayo huzuiwa na vilima. Mwaka 1995 ilianzishwa Ngara redio ya FM iitwayo Radio Kwizera, ili iwahudumie wakimbizi na wenyeji. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mwenye kukaa nyuma ya kilima akitaka kusikia redio ya namna hiyo, huyo ainue antena yake juu. Mwenye sayansi huuliza kwanza wimbi linakuja kwa njia gani, ndipo achague antena.

Yule mama aliendelea kuja na karatasi yake. Katika wiki ya tatu tangu tulipoulaza waya, lilisomwa jina la mwanawe, likafuata la baba wa mtoto, na la kilima chao. Mtoto alikuwa hai, upande wa Zaire, pamoja na watoto wengine waliokuwa wakitunzwa. Mama aliinuka, akaketi tena, akaniomba niandike mahali palipotajwa, kwa maana mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Asubuhi aliipeleka karatasi kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Wengine walioketi nasi jioni zile hawakusikia majina waliyoyangoja, wala waya haukuweza kuwasaidia. Waya huleta kilichotangazwa tu. Lakini waliondoka wakijua kwamba jina halikusomwa. Kabla ya hapo walikuwa wakilala wakijiuliza kama lilisomwa likafunikwa na makelele.

JARIBIO

Vitu vitakiwavyo: redio ya mawe yenye mawimbi mafupi au ya kati, waya uliovikwa mpira wa urefu wa mita 20 hadi 40, daftari na kalamu.

1. Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu, siku isiyo na mawingu ya radi.
2. Tafuta kituo kinachosikika kwa shida. Toa alama ya sauti na alama ya makelele, tangu 0 hadi 5.
3. Shikiza waya kwenye antena ya redio. Inua ncha ya pili juu ya mti mfupi, kisha toa alama.
4. Laza waya wote chini, umenyooka, kisha toa alama tena. Kunja antena ya redio kabla ya kusikiliza.
5. Geuza waya kuelekea pande nyingine tatu. Andika matokeo yote katika jedwali.
6. Rudia kesho yake saa ileile, upate kujua kama matokeo yanalingana.

TAHADHARI

Usiguse wala usitumie waya wa nje wakati radi iko karibu, hata kama waya umelala chini. Uondoe kwenye redio mapema, mara usikiapo ngurumo ya kwanza. Usirushe waya karibu na nyaya za umeme, wala usiunganishe waya na soketi ya ukutani. Usiulaze waya njiani, usije ukamkwaa mtu au mbuzi.

MASWALI

1. Taja vyanzo viwili vya makelele ya redio vitokanavyo na maumbile au kazi za binadamu.
2. Kwa nini mtu wa Biharamulo anaweza kusikia mlio wa radi redioni wakati mbingu ni nyeupe?
3. Antena A hupokea sauti ya nguvu 10 na makelele ya nguvu 5. Antena B hupokea sauti ya nguvu 6 na makelele ya nguvu 1. Ipi itasikika vizuri zaidi? Eleza kwa hesabu.
4. Kikinzani kilichofungwa kwenye ncha ya mbali ya waya hufanya kazi gani?
5. Kwa nini mwalimu na wanafunzi wake walirudia kipimo cha pande nne mara ya pili?
6. Jirani yako anataka kusikia redio ya FM iliyo nyuma ya kilima. Je, utamshauri alaze waya chini? Toa sababu.